Mpaka Amalize Mtihani

Magdeburg, 14 Oktoba

Naandika kwa sababu sina wa kusengenya naye. Mtu pekee wa kwetu katika mji huu ni Sihem, na ninayetaka kumsengenya ni yeye huyo huyo.

Tumehamia hapa ghorofa ya tatu wiki iliyopita, vyumba viwili na jiko. Sote ni wa Zarzis, mji wa mizeituni ng'ambo ya bahari, tumekaa dawati moja tangu tuna mapengo, na mama zetu ni majirani wanaoshindana hadi kwa weupe wa mashuka. Mimi nasoma kemia, yeye uhandisi wa mitambo. Kila asubuhi anafungua madirisha yote, eti hewa, utadhani kazaliwa huku huku Ujerumani. Mimi natetemeka jikoni na blanketi mabegani, yeye anapiga mluzi.

Najua kwa nini anapiga mluzi. Anaogopa. Mtihani wa mekanika kaanguka mara mbili. Hapa ukianguka mara ya tatu ndiyo kwaheri: hakuna chuo nchi nzima kitakachokuchukua kwa fani hiyo, na kibali cha kuishi nacho kinakwenda na maji. Mtihani ni Februari.

Leo kagonga jirani wa mlango wa pili, Bibi Kretschmer, mjane mfupi mwenye ndara za manyoya. Sihem alikuwa katoka kutupa takataka na kuuacha mlango wazi. "Mnazipasha ngazi moto," bibi kasema, "na ngazi hazisikii baridi." Halafu kaufunga mwenyewe, sisi tuko ndani. Kwetu mlango wa mbele hufungwa wakati wa kulala. Ukiufunga mchana, majirani watauliza kumetokea nini.

18 Oktoba, Ijumaa

Leo ni siku ya sauti ya Mzee Dhau, baba yake Sihem. Hajui kuandika kwenye simu, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala anarekodi. Anapiga kelele kana kwamba anatuita kutoka shamba la pili. Na kila mara anaanza hivi: "Sihem, ni mimi, baba yako," kana kwamba kuna mwingine. Kisha anatoa habari za mizeituni, mti mmoja mmoja, nani kazaa, nani kagoma. Mwisho salamu zangu: "Na huyo Hinda mwambie aache kukuibia mafuta."

Kweli nayaiba. Mafuta yake ni ya kijani na yanakwaruza koo. Ya dukani hapa ni maji tu.

Sihem alimjibu huku anakoroga nyanya. Alimwambia tumbo limeshiba, chumba kina joto, masomo yanakwenda. Uongo mtupu, wote watatu.

23 Oktoba

Mvua. Maabara kutwa. Nimevunja chombo cha watu.

3 Novemba

Meza ya jikoni imekuwa yake. Michoro ya mihimili na mishale kila mahali, mizigo inasukuma huku, nguvu inarudisha kule. Nilipomwuliza tutakula wapi akaniambia, "Kula umesimama, utapungua." Nami nikamwambia mhimili wake umeinama. Akaukagua mara tatu, kisha akanirushia kitambaa cha vyombo. Tulicheka sana.

12 Novemba

Mama hunipigia kila mchana saa zangu za kula. Leo alipiga mapema, nikiwa bado na glavu mikononi.

Mzee Dhau amefariki.

Alikuwa shambani na wachumaji tangu alfajiri. Wameshatandaza nyavu chini ya miti, akakaa juu ya wavu afunge kamba za kiatu. Wakadhani anapumzika. Mama alikuwa analia huku anaeleza, na nyuma yake nasikia wanawake, sauti ile ambayo mtu wa kwetu haulizi ni ya nini.

Kisha Lasaad, kaka yake Sihem, akachukua simu.

"Hinda, dada yangu, usimwambie."

"Lasaad, unasemaje?"

"Mpaka amalize mtihani. Ukimwambia leo atapanda ndege, na akipanda ndege harudi tena kusoma. Unamjua. Miaka minne ya baba itakuwa bure."

"Mtihani ni Februari."

"Najua ni Februari. Mama mwenyewe kasema hivyo. Tutamwambia sisi, jioni ya siku ya mtihani. Wewe umwangalie tu asije akasikia kwa mtu."

Nikakubali. Wala sikubishana sana. Kwetu ndivyo inavyofanywa, aliye ugenini hupewa habari mbaya zikiwa zimeshapoa. Mjomba wangu wa Marseille alifika nyumbani na shali ya bibi mkononi, bibi keshazikwa tangu masika. Tulikuwa tunakihadithia kisa hicho kwenye harusi na kucheka.

Niliporudi Sihem alikuwa mezani. "Mama yako kasema nini leo?"

"Hakuna jipya."

"Uso huo je?"

"Baridi."

Akanitengenezea chai, akatia sukari mara mbili kama ninavyopenda. Nimeinywa mbele yake yote.

13 Novemba

Wamemzika leo baada ya adhuhuri. Saa hiyo Sihem alikuwa ananifundisha kukunja shuka lenye mpira.

15 Novemba, Ijumaa

Sauti haikuja. Sihem alituma yake, akangoja, mwisho Lasaad akaandika: simu ya mzee imetumbukia kwenye pipa la mafuta ya zeituni kiwandani.

Sihem alicheka hadi akashika mbavu. "Mzee Dhau kakaanga simu! Sasa itatoa sauti laini." Akanitazama nicheke naye. Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka.

Baadaye Lasaad akaandika tena kwamba simu imekauka, inasikiliza lakini hairekodi. Kwa hiyo Sihem atume tu, mzee atasikia.

26 Novemba

Siku za mwanzo nilijiona mtu mzima. Nimebeba jambo zito, nimepewa amana, tazama Hinda alivyo imara. Leo sijioni chochote. Nakaa maabara hata kazi ikiisha, naosha chupa zilizo safi. Yeye ananiwekea chakula na sahani nyingine juu yake kisipoe.

1 Desemba

Nimempigia Lasaad, nikamwambia siwezi. Kaniambia, "Sisi huku tunaweza?" Nikakata simu. Namchukia Lasaad. Namchukia na mama yangu, anayenisimulia nani kaja matangani na nani hakuja, kana kwamba mimi ni mfadhili wa shughuli.

8 Desemba

Kifurushi kimefika. Kimeletwa na kijana wa Djerba anayesoma Hannover, kimefungwa kamba na Mama Mbarka, mama yake Sihem, kama anavyofunga kila mwaka. Mwaka huu niliogopa kukigusa.

Sihem alikifungua jikoni. Dumu la mafuta mapya. Unga wa bsisa, wa nafaka zilizokaangwa. Pilipili kavu. Soksi za sufu jozi mbili, moja yangu. Alitoa kila kitu akakipanga juu ya michoro yake, kisha akaingiza mkono tena kwenye boksi, akapapasa pembe zote nne.

"Mama hakutia makrudh," akasema.

Makrudh ya Mama Mbarka, ya tende na asali, hukaangwa sinia zima tangu mwaka wetu wa kwanza. Tulikuwa tunagombania la mwisho.

"Pengine hakuwahi," nikasema.

"Pengine."

Akarudisha vitu vyote ndani ya boksi, hata soksi, akaifunga kamba upya na kulisukuma chini ya meza. Akasimama pale.

"Mama yako kasema nini leo?"

"Hakuna jipya."

Aliendelea kusimama kidogo, halafu akaenda chumbani kwake kusoma. Nilishukuru hakuuliza zaidi.

13 Desemba

Sasa swali hilo ni la kila siku. Nikiingia tu, hata koti sijavua: "Mama yako kasema nini leo?" Kama afisa wa forodha. Zamani alikuwa anauliza kwa umbea, tulikuwa tunachambua watu wote wa mtaa. Sasa anauliza, ananiangalia, na mimi najibu lile lile. Nimeanza kumwonea hasira. Mtu gani huyu, baba yake kafa mwezi mzima na moyo wake haujamwambia kitu?

Nimeandika hivyo na sitafuta.

21 Desemba

Arobaini yake, nyumbani. Mama kasema mtaa mzima ulikula. Mama Mbarka yuko eda, kavaa nyeupe, hazungumzi sana. Ndiyo maana akipiga simu haonyeshi uso, eti kamera imeharibika.

Sihem alishinda maktaba. Jioni: "Mama yako kasema nini leo?"

Hakuna jipya.

24 Desemba

Mji umekufa. Maduka yamefungwa, tramu zinapita tupu, kila dirisha lina taa na hakuna mtu barabarani.

Sihem alipika kuskusi. Alitia nyama yote tuliyokuwa tumeiweka ya wiki mbili, pamoja na mafuta mapya, mara ya kwanza kulifungua dumu. Nikajipanga kula. Akajaza sinia, nyama yote juu, akavuka ngazi akampelekea Bibi Kretschmer. Mimi nimebakiwa na maboga.

"Ndiyo nini hii?" nikamwuliza.

"Nimejisikia kutoa."

"Ungejisikia kutoa karoti."

Hakujibu, na yeye si mtu wa kuacha kijembe kipite hivi hivi. Akaingia chumbani, akawa anasoma kwa sauti ya chini hadi jioni. Nilidhani ni kanuni zake za mekanika. Bibi Kretschmer alirudisha sinia limeoshwa, na biskuti za mdalasini juu yake. Sihem hakuzigusa. Nikazila peke yangu kwa hasira.

5 Januari

Theluji. Kakonda. Nimemwambia, kasema ni nguo.

10 Januari, Ijumaa

Nilikuwa naosha nywele, ukuta wa bafu ni mwembamba. Akaanza kurekodi.

"Baba, ni mimi, Sihem, binti yako."

Zamani hakuwa anaanza hivyo. Akamwambia theluji imefika hadi kwenye tairi za baiskeli. Akamwambia ameelewa hatimaye kwa nini mhimili hauvunjiki mahali unapobanwa bali mahali pengine. Akamwambia mafuta ya mwaka huu ni makali, ni mazuri, nani aliyachuma yale, mwambie ahsante. Mwisho akasema, "Haya, lala salama."

Saa tisa mchana. Nilifungua bomba hadi mwisho nisisikie zaidi.

19 Januari

Leo nilikata shauri. Potelea mbali Lasaad, potelea mbali mtihani. Nilisimama mlangoni kwake. Akainua kichwa. Akaweka kalamu chini, akafunga kitabu, akageuza kiti akanielekea, mikono mapajani kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Ndiyo?" akasema, kwa upole sana.

Maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye tramu.

"Umeona chaja yangu?"

Akaniangalia weee.

"Iko jikoni," akasema, akageuza kiti.

2 Februari

Hatusemezani sana. Haulizi tena mama kasema nini. Ilianza lini kukoma, sijui. Ningefurahi, lakini sifurahi.

12 Februari

Nimesimama nje ya ukumbi na chupa ya chai toka mlango ulipofungwa hadi ulipofunguliwa. Walitoka kwa makundi, wanalinganisha majibu kwa kelele. Yeye alitoka wa mwisho, kofia kaishika mkononi.

"Nimeandika," akasema. "Nilichojua nimeandika."

Kwenye tramu alilaza kichwa dirishani. Lasaad alikuwa kaahidi kupiga jioni. Nilijisemea, kaa kimya saa chache tu, ndugu zake wenyewe watamwambia, wewe mikono yako safi. Tulipanda ngazi. Akaingiza ufunguo. Nikamtazama mgongo wake ndani ya lile koti lililompwaya, nikaona nikingoja hata hizo saa chache sitaweza tena kuishi naye.

"Sihem, kaa."

Hakukaa. Hakuvua koti. "Sema."

"Baba yako." Nikaanza upya. "Baba yako amefariki. Mungu amrehemu."

Nilikuwa tayari kumshika akianguka. Hakuanguka. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo.

"Siku gani?" akauliza.

"Nini?"

"Alikufa siku gani, Hinda?"

"Tarehe kumi na mbili Novemba. Asubuhi, shambani. Walimzika kesho yake baada ya adhuhuri."

Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Basi arobaini yake nilikosea siku tatu. Mimi nilihesabu tangu siku simu ilipotumbukia kwenye mafuta."

Nikakaa mimi. Kuskusi. Nyama yote juu ya sinia, na kile kisomo nyuma ya mlango.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kifurushi. Mama anaweza kunidanganya kwa mdomo hata mwaka. Lakini akaange kitu kitamu kwenye nyumba yenye msiba? Mkono wake haukukubali." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nilipapasa hilo boksi hadi pembeni. Nilisema labda limejificha hata moja."

"Na zile sauti ulizokuwa unatuma?"

"Mama anazisikiliza. Nani mwingine? Kila Ijumaa usiku naona zimesikilizwa. Kajishikiza kwenye huo mtihani wangu kwa kucha. Ningemwambia najua, angebaki kashika nini?"

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa hasira.

"Nilikuuliza kila siku. Kila siku, Hinda. Mama yako kasema nini leo? Ulitaka niulize vipi tena? Mama nimemsamehe, yuko mbali. Wewe ulikuwa hapa, tunakula sufuria moja. Nilitaka mtu mmoja tu anipe mkono. Mtu hawezi kujihani mwenyewe. Nimejaribu, nimekaa kitandani nikajiambia Mungu amrehemu, baraka zibaki kwenu, nikajijibu. Nilijiona mwendawazimu. Siku ile umesimama mlangoni nikasema haya, leo. Ukaniuliza chaja."

Niliunyoosha mkono. Yake ilibaki mifukoni.

Akaenda akafungua mlango wa mbele, akaufungua hadi ukutani, akakiweka kiti cha jikoni kuuelekea, akakaa na koti lake. Kwetu nyumba iliyofiwa haifungi mlango, wala haiwashi jiko, majirani ndio wanaopika. Nikawasha jiko. Kwa mazoea akainuka anisaidie. Nikamwambia, "Kaa. Mfiwa hapiki." Akakaa. Hilo moja alinikubalia.

Baridi ya ngazi ikaingia hadi jikoni. Haikupita muda, nikasikia ndara.

"Mlango wenu," alisema Bibi Kretschmer.

"Najua," Sihem akasema kwa Kijerumani chake kizuri, kizuri kuliko changu. "Baba yangu amefariki."

Bibi akamtazama, akatazama na kile kiti. Kisha akaingia. Hakuuliza lini wala vipi. Alimpa Sihem mkono, akauweka na wa pili juu yake, akasema lile neno lao la pole, akavuta kiti kingine akakaa ubavuni mwake na sweta yake nyepesi, naye akiutazama mlango. Wala hakuufunga.

Sihem akageuka kunitazama mimi niliyekuwa nimeshika mwiko.

"Umeona?" akaniambia kwa lugha yetu. "Huyu hakungoja Februari."

Lasaad alipopiga jioni nilimpa Sihem simu nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi. Nilimsikia akisema, "Mama, ni mimi," na baada ya hapo sikusikia neno, ila vilio viwili, cha huku na cha kwenye simu, hadi vikawa kimoja.

15 Februari

Amekwenda nyumbani. Nilimsindikiza hadi stesheni. Treni ilipokuwa inaingia nikaunyoosha mkono tena, nikasema yote, Mungu amrehemu, baraka zibaki kwenu. Akaupokea. Akaushika muda mrefu, kisha akasema, "Umechelewa, lakini umefika." Sikujua kama ni msamaha. Sikuuliza.

27 Februari

Karudi juzi, na matokeo yametoka leo. Amefaulu, alama ya chini kabisa inayokubalika. Aliyasoma kwenye simu akiwa amesimama dirishani, madirisha yote wazi, baridi kali, na sikusema neno juu ya baridi.

Alirekodi. "Baba, ni mimi, Sihem, binti yako. Nimefaulu." Akaituma. Punde jibu likaja, sauti ya Mama Mbarka, kwa mara ya kwanza kwenye simu ile: "Nimesikia, mwanangu. Tumesikia."

Bibi Kretschmer alitukuta jikoni tumekumbatiana, akauliza kuna nini, akapiga makofi alipoambiwa. Akasema siku kama hii watu huoka keki, yeye ana mayai, dakika moja tu.

Sihem akamshika mkono kabla hajageuka.

"Mwaka ujao, bibi," akamwambia. "Mwaka huu hatuli kitamu."